Kwa nini klabu ya wachoraji hujaa wiki ya maonyesho, kisha hubaki na watu sita?

#1 KatibuKalamu
Salaam wakuu. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya wasanii: wachoraji wengi, wachongaji watatu, mfinyanzi mmoja na wawili wanaochapa kwa mbao. Kwenye daftari tuko 43. Wiki ya kupokea kazi za maonyesho simu yangu haipumziki. Jumatano inayofuata, siku ya kuchora pamoja, nafungua mlango, napanga viti kumi na tano, wanakuja sita. Sita walewale.

Msimu ujao tumepanga hivi. Kuchora pamoja kila Jumatano kwa saa mbili, na kila baada ya wiki mbili tutakuwa na mtu wa kutukalia tumchore. Kutoka nje kuchora mandhari mara moja kwa mwezi. Jioni moja ya kutazamana kazi na kuambiana ukweli. Mafunzo ya siku mbili ya kuchapa. Daftari moja la kuzunguka, kila mwanachama akae nalo wiki moja na ajaze kurasa mbili. Halafu maonyesho.

Ratiba naipenda, na ninaiogopa, maana ya msimu uliopita niliipenda pia.

Dai langu ni hili, nipingeni: maonyesho ndiyo yanayoua klabu. Watu wamezoea kuiona kama ukuta wa kutundikia picha. Nataka nipendekeze tukae mwaka mzima bila maonyesho. Mnasemaje?

#2 Penseli4B
Nipo siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 MzeeWaFremu
Mleta mada, hapo sikuungi mkono hata kidogo. Kwenye klabu yetu mimi ndiye ninayetundika, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeona watu wazima wakisimama mbele ya picha yao wenyewe kama hawajawahi kuiona. Nyumbani imeegemea kabati. Ukutani, ikiwa na nafasi yake na taa yake, inamwambia mwenyewe kile ambacho alikuwa hajakiona. Hilo somo hulipati Jumatano.

Halafu kumbuka akina Monet, Renoir, Degas na Pissarro, lile kundi la wachoraji wa Ufaransa walioitwa Impressionists. Walipokataliwa na Salon ya Paris, yale maonyesho makuu ya serikali, mwaka 1863 walijikusanya palepale wakafanya maonyesho yao wenyewe. Kundi lilizaliwa kwa maonyesho. Wewe unataka kuyaondoa.

#4 UdongoMbichi
Mfinyanzi mmoja kati ya watu 43! Nakuhurumia huyo kabla sijamjua, maana kwenye klabu yetu ni mimi.

Katibu, isome tena ratiba yako kwa macho yake. Kuchora, kuchora mtu, kuchora mandhari, daftari la kuchora. Mimi Jumatano nije kufanya nini? Chombo kibichi hakibebeki, kikitikiswa njiani kinapinda. Kinatakiwa kikauke taratibu, nimekifunika, siku kadhaa. Kikiingia tanuri kikiwa na maji ndani, yale maji yanageuka mvuke na chombo kinapasuka. Kazi yangu inaniambia niwe wapi na lini, siyo katibu. Kwa hiyo nyinyi mnaniona siku ya maonyesho tu, mnadhani nimekuja kutafuta ukuta. Hata ukuta siuhitaji, nahitaji meza.

Tatizo ni ratiba inayodhani kila msanii ana brashi.

#5 Makavazi
MzeeWaFremu, hoja yako naielewa ila umechanganya matukio mawili, acha niweke sawa.

Mwaka 1863 majaji wa Salon walikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizoletwa. Malalamiko yakawa makubwa hadi mfalme Napoleon III akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe pembeni, umma ujionee. Hiyo ndiyo Salon des Refusés, yaani Salon ya waliokataliwa, na Manet (siyo Monet) alikuwemo. Yalikuwa maonyesho ya serikali, siyo ya kundi.

Kundi lenyewe lilisajili kampuni yake mwishoni mwa 1873, na maonyesho ya kwanza yakafunguliwa tarehe 15 Aprili 1874, kwenye studio aliyokuwa akitumia mpiga picha Nadar. Wasanii kama thelathini, mwezi mmoja. Miaka kumi na moja baadaye, siyo palepale.

Na kinachoihusu mada hii ni kilichofuata. Kabla ya 1874 kwisha, kampuni ilivunjwa kwa sababu ya madeni. Maonyesho ya pili yakaja 1876, yakaendelea hadi ya nane mwaka 1886. Katika yote manane, aliyeshiriki bila kukosa hata moja ni Pissarro peke yake. Renoir alitoka, Monet alitoka, mwenzao Cézanne alionekana mara mbili tu. Kwa hiyo Katibu, hata kundi lile lilikuwa na "walewale" wake, ila idadi yao ilikuwa mmoja.

#6 MzeeWaFremu
Nimekubali kosa, mkuu. Asante. Lakini mwaka 1874 bado walianza na maonyesho, hapo hujaniondoa.

#7 DadaRangi
Mimi niende kwenye ile "jioni ya kutazamana kazi na kuambiana ukweli".

Nilijiunga na klabu nikiwa na miezi minne tu ya kushika brashi. Nikapeleka picha ya mama yangu mzazi ameketi, mikono mapajani. Mwanachama wa siku nyingi akaitazama kidogo, akasema mbele ya watu wote, "Mikono hii ni glavu zilizojazwa mchanga." Wakacheka. Hakukosea, ile mikono ilikuwa mibaya kweli. Lakini yule alikuwa mama yangu, na nilikaa miaka miwili bila kurudi pale. Ada nililipa, jina likabaki daftarini. Kwa hiyo na mimi nilihesabiwa kati ya wale wasiokuja.

Katibu, kabla hujalaumu maonyesho, waulize hao 37 walichoambiwa mara ya mwisho walipokuja.

#8 MkaaMweusi
DadaRangi pole sana. Lakini nitasimama upande wa pili.

Mimi nilibembelezwa miaka mitano. Kila nikipeleka kazi, "nzuri, endelea hivyohivyo." Nikaendelea hivyohivyo. Siku moja mgeni akaniuliza, "Taa yako iko wapi? Pua ina kivuli kulia, shingo ina kivuli kushoto." Nikatazama, kweli. Miaka mitano hakuna aliyeniambia. Nilikasirika, siyo naye, bali na wale wote walionisifu.

Kinachofukuza watu ni kuwa na mtu mmoja anayehukumu na wengine wanaocheka. Kwetu tumeweka utaratibu: mwenye kazi anaanza yeye, anasema ni sehemu gani imemshinda. Wengine wanajibu hilo tu. Mikono ikiwa imekushinda utasema mwenyewe, na utaonyeshwa mkono unavyojengwa: kiganja kwanza kama kisanduku, vidole baadaye.

#9 DadaRangi
Utaratibu huo ningeukuta, nisingepoteza miaka miwili.

#10 MwanachamaKimya
Nimesoma uzi huu tangu asubuhi nikijizuia. Acha niseme.

Mimi ni mmoja wa hao 37. Siyo wa klabu ya Katibu, ila kila klabu ina mimi. Sijawahi kuchukia maonyesho, sijawahi kutukanwa. Nina watoto watatu na mgonjwa wa kitandani nyumbani. Saa mnayopanga viti, mimi namgeuza mgonjwa. Nachora wakilala. Sehemu yangu ni kona ya meza, na kabla sijaanza lazima niondoe madaftari ya shule. Usiku mwingine napata dakika ishirini, mwingine sipati.

Maonyesho ni kitu pekee cha klabu kinachonihitaji siku moja tu. Nalea picha moja mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Mkiyaondoa ili mnifundishe kupenda klabu, mtakuwa mmenitoa kabisa. Naomba msihesabu upendo kwa viti.

#11 Penseli4B
Hii imenigusa.

#12 UdongoMbichi
#10 ameniweka kimya, na wanaonijua wanajua si kazi ndogo.

#13 KatibuKalamu
MwanachamaKimya, asante kwa kuandika. Nimeisoma mara tatu. Nilipoandika #1 nilikuwa natoka kukunja viti tisa peke yangu, na nadhani hasira ya viti ndiyo iliyoandika. Dai langu silifuti bado, ila sina uhakika nalo kama asubuhi.

UdongoMbichi, nimempigia mfinyanzi wetu baada ya kukusoma. Nikamuuliza angependa nini kwenye ratiba. Akanijibu ni mara ya kwanza anaulizwa, na yuko nasi tangu klabu ianze. Nimeona aibu.

#14 ChapaMbao
Wakuu, kuna kundi ambalo liliwapa nafasi watu wasioweza kuwepo, na hakuna aliyelitaja. Die Brücke, kundi la wachoraji wa Dresden, Ujerumani, 1905. Walioanzisha walikuwa wanafunzi wanne wa usanifu majengo: Kirchner, Heckel, Schmidt-Rottluff na Bleyl. Wakawa na aina mbili za wanachama, wanaochora na wanaounga mkono. Anayeunga mkono alilipa ada ya mwaka, akapata mkoba wenye chapa za wasanii wa kundi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuja.

Chapa ndiyo iliyowezesha hilo. Ubao mmoja uliochongwa unatoa nakala nyingi, kila mtu anapata kazi halisi, siyo picha ya picha. Katibu, una siku mbili za mafunzo ya kuchapa. Usiziache zikaisha kama mafunzo tu. Kila mtu achonge kibao kidogo, zichapwe nakala 43, kila mwanachama apelekewe mkoba, aliyekuja na asiyekuja.

Kingine: kwenye kuchora mtu walimbadilisha mkao kila robo saa. Dakika kumi na tano hazikupi muda wa kupamba.

#15 Makavazi
Sahihi. Niongeze tu kwamba nao walivunjika mwaka 1913, baada ya Kirchner kuandika historia ya kundi akijiweka yeye mbele. Tunaopenda kuandika kumbukumbu za vikao tuwe waangalifu.

#16 KatibuKalamu
Hilo nimelisikia, mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu.

#17 Penseli4B
Nimeondoka siti ya mbele, nimesogea jukwaani kidogo. Mimi ni mgeni kwenye sanaa. Nilienda klabu moja mara moja tu. Hakuna aliyenitukana. Walinikaribisha vizuri, wakaendelea na mazungumzo yao ya mambo ya miaka iliyopita. Modeli akakaa, kila mtu akaanza kuchora kwa kasi, mimi nikawa bado nachonga penseli, mara "badilisha!", mkao umekwisha. Sikujua hata kama kuna muda. Nikajiona mjinga, sikurudi.

Sijaona mtu akiandika popote mgeni aje na nini na saa mbili hizo zinaendaje. Wenyeji mnajua, kwa hiyo hamuandiki. Labda hao 37 wengine ni mimi.

#18 MkaaMweusi
Penseli4B, haya, yachukue:

Njoo na karatasi nyingi za bei rahisi, kubwa kuliko unavyodhani, na ubao wa kuziegemezea. Mkaa au penseli laini, hiyo 4B ya jina lako inatosha kabisa. Kifutio cha kukanda, kile kinachovutika kama donge la unga. Usije na karatasi nzuri, utaiogopa.

Saa mbili kwa kawaida zinaanza na mikao ya nusu dakika hadi dakika moja, kama kumi hivi. Hapo hakuna anayemaliza mchoro, na haitakiwi. Unatafuta mstari mmoja tu: uzito wa mwili umeangukia mguu gani. Kisha mikao ya dakika mbili, tano, na mwisho mmoja wa dakika ishirini au zaidi, ukiwa na mapumziko katikati kwa ajili ya modeli. Wale uliowaona wana kasi hawakuwa wanachora haraka kuliko wewe, walikuwa wanaacha vitu vingi.

Na usichonge penseli wakati wa mkao. Chonga tano nyumbani.

#19 Penseli4B
Mkuu ubarikiwe. "Walikuwa wanaacha vitu vingi", hii naibandika ukutani.

#20 BilaJopo
Mnazunguka, kiini hakijaguswa. Jopo la uteuzi! Watu hawaji Jumatano kwa sababu wanajua mwisho wa msimu watu watano watakaa chumbani waseme hii ndiyo, hii hapana. Nilikataliwa mara tatu mfululizo bila hata sentensi moja ya sababu. Ondoeni jopo, kila mwanachama atundike kazi moja, mtaona viti vinajaa. Klabu ni ya wanachama au ya watu watano?

#21 Makavazi
BilaJopo, wazo lako limejaribiwa, na matokeo yanaumiza pande zote. Paris mwaka 1884 wasanii waliunda chama cha Indépendants, yaani walio huru, bila majaji na bila zawadi, na maonyesho yao yaliendelea kwa miongo mingi. Hapo umeshinda.

New York mwaka 1917 chama cha wasanii huru kikaahidi hivyohivyo: lipa ada, kazi yako itaonyeshwa. Kazi zikapangwa kwa alfabeti ya majina ili asipendelewe mtu. Ikaja sinki ya haja ndogo ya wanaume, imelazwa, imesainiwa "R. Mutt". Viongozi wakabishana na mwisho haikuonyeshwa. Msanii Duchamp, aliyeileta kwa jina hilo, alikuwa mmoja wa wakurugenzi, akajiuzulu. Yaani chama kisicho na jopo kiliunda jopo siku kilipohitaji.

#22 BilaJopo
Sawa, ila mimi sileti sinki. Naleta mandhari ya ziwa.

#23 MzeeWaFremu
BilaJopo, nakusikia, na kukataliwa bila sababu ni kosa, hata kama jopo lina haki. Mistari miwili ya maelezo haimuui mtu. Lakini nisikilize na mimi ninayetundika. Ukuta una urefu wake. Katikati ya picha tunaiweka sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Ukisema kila mtu alete, nitalazimika kupanga safu tatu, ya juu itazamwe na shingo, ya chini itazamwe na magoti. Atakayekuwa juu atalalamika kuliko aliyekataliwa.

Na kuna jambo linaniuma kila mwaka. Watu wanachora wiki ya mwisho! Rangi ya mafuta haikauki kama nguo, haipotezi maji, inavuta oksijeni hewani na kugeuka ngumu taratibu. Tabaka jembamba siku kadhaa, nene miezi. Msimu uliopita nililetewa picha mbili mbichi zimewekwa uso kwa uso. Kuzitenganisha ilikuwa kilio, mwenye moja alilia kweli. Kama watu hao wangekuwa wanakuja Jumatano, kazi ingeanza mapema. Hapo nakubaliana na Katibu nusu.

#24 UdongoMbichi
Mzee, umeandika kuhusu sentimita kuliko ulivyoandika kuhusu sanaa. Ndiyo maana tunakupenda. Meza yangu ya vyungu iwe na sentimita ngapi?

#25 MzeeWaFremu
Lete vyungu kwanza, na mwaka huu visiwe vya moto.

#26 DadaRangi
Maadamu tumefika kwenye rangi ya mafuta: Katibu, kama Jumatano watu watatumia mafuta ya kitani, vitambaa vya kufutia visikunjwe na kutupwa pipani. Yale mafuta yakikauka yanatoa joto. Kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halitoki, kinaweza kuwaka chenyewe usiku mlango umefungwa. Vilowekwe kwenye maji ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, au vitandazwe nje kimoja kimoja. Na madirisha wazi kwa wanaotumia tapentaini. Sijaona hili kwenye ratiba.

#27 KatibuKalamu
Halikuwemo. Sasa limo, juu kabisa.

#28 Mfuasi
Nimechelewa. Maoni yangu: wanachama hawahitajiani, ndiyo maana hawaji. Angalieni Tingatinga. Edward Said Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na alifariki 1972, miaka minne tu. Mtindo ungeweza kuzikwa naye. Haukuzikwa kwa sababu alikuwa na ndugu na vijana waliokaa pembeni yake, rangi moja, mbao za aina moja, mmoja anaandaa, mwingine anachora. Baadaye wakawa chama cha ushirika. Hawakuhitaji ratiba ya kuwaita. Ukikosa kuja, kazi ya mwenzako inasimama.

Klabu zetu kila mtu ana kopo lake. Asipokuja hakuna kinachosimama.

#29 MkaaMweusi
Mfuasi, wale walikuwa wanatafuta riziki pamoja. Klabu ya Katibu ni ya watu wenye kazi nyingine mchana. Huwezi kupima hivi viwili kwa kipimo kimoja.

#30 Mfuasi
Siyo lazima iwe riziki. Daftari la kuzunguka ni mfano. Mtu asipojaza kurasa zake, mwenzake hapati daftari.

#31 BilaJopo
Na daftari halina jopo. Hilo nalipenda.

#32 KatibuKalamu
Wakuu, nimetoka kukaa na wenzangu wa kamati. Hatukuafikiana kuhusu maonyesho: wawili wanataka yabaki, wawili wanataka tupumzike mwaka, na mimi ambaye nilikuja na dai nimeomba kura yangu isubiri. Tutawauliza wanachama wote, na tutawauliza kwa karatasi, ili na asiyeweza kufika ajibu.

Yaliyopitishwa ni haya. Daftari linaanza wiki ijayo, na haliendi kwanza kwa wale sita, linaanza kwa ambaye hajaonekana muda mrefu zaidi. Vibao vya kuchapa, nakala 43, wazo la ChapaMbao. Siku moja ya mwezi tutaenda sisi kwa mfinyanzi badala ya yeye kuja kwetu. Na ukurasa mmoja wa mgeni: aje na nini, saa mbili zinaendaje. MkaaMweusi, naomba ruhusa nitumie maneno yako ya #18.

#33 MkaaMweusi
Ruhusa unayo. Ongeza: mtu mmoja akae karibu na mgeni siku ya kwanza.

#34 MwanachamaKimya
Katibu, daftari lenu ni la karatasi ya aina gani? Nauliza kwa sababu nimemwonyesha katibu wa kwetu uzi huu na amekubali tuanze letu. Nimeomba liwe la karatasi nzito kidogo. Usiku natumia rangi za maji, na nyembamba zinajikunja.

#35 ChapaMbao
Uzito wa gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu, 300 ukipata. Na liwe la kushonwa, lilale wazi mezani bila kushikwa, maana mkono wako mmoja una kazi nyingine.